Mustapha Alivyoacha Sinia

Kwamzala, mtu akikataa kula na wenzake, hakuna anayemuuliza kama ameshiba. Wanamtazama, wanajijibu wenyewe moyoni: huyu anatuogopa. Na kuwaogopa watu kwenye chakula maana yake ni moja ya mambo mawili, umewaona ni wachawi au umewaona wanatia kitu kwenye mboga. La tatu hawanalo. Ndiyo maana Jumatatu ile Mustapha Mdoe aliposimama mbele ya sinia barazani kwa Sabiri, akajishika tumbo na kusema, "Nimeshiba mimi, kuleni tu," mikono mitatu ilisimama juu ya ugali kama imepigwa picha.

Hakuwa ameshiba. Alikuwa na njaa ya kuweza kula mkeka. Lakini alishasema, na neno la namna hiyo likishatoka, kulirudisha mbele ya watu ni aibu kuliko kulisema. Akaaga, akashika njia ya kwake, na nyuma yake akasikia kimya ambacho hakukizoea kutoka barazani pale.

Sinia lile lilikuwa na miaka kumi na tisa. Kila mchana baada ya adhuhuri wanaume wanne walikaa mkekani: Sabiri mwenye baraza, Athuman na Muhsin majirani zake, na Mustapha, ambaye kwa umri aliwazidi wote. Kila nyumba ilileta ilichojaliwa, huku dagaa, kule mlenda au kisamvu, na Shida, mke wa Sabiri, ndiye aliyesonga ugali wa kuwatosha. Walikula, wakabishana juu ya mvua, wakailaani bei ya machungwa, wakanywa chai, kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Tatu, mkewe Mustapha, alipofariki miaka minne kabla ya hapo, binti yao Shamimu akiwa ameshaolewa Arusha, mzee alibaki na nyumba ya vyumba vitatu na jogoo mmoja. Watu walidhani atanyong'onyea. Hakunyong'onyea, kwa sababu kila siku saa nane mchana alikuwa na pa kwenda.

Sasa tuseme ukweli ambao yeye hakuusema. Mustapha alikuwa na kisukari.

Kilimwanza na kiu ya ajabu, kisha safari za chooni zisizokwisha, kisha suruali ikaanza kumteremka. Hospitali ya Handeni haikuwa mbali, mwendo wa pikipiki tu. Yeye akapanda gari mpaka Korogwe, ili asionekane na mtu anayemjua, na alipoulizwa anakoishi akasema Segera. Uongo wa bure kabisa, lakini ulimpa raha. Nesi mmoja mnene mwenye sauti ya upole, jina lake Dorkasi, akamtoboa kidole, akatazama kipimo. Kumi na saba nukta nne.

"Baba, hii ni sukari," akasema. "Haiponi, lakini inafugika. Ukinisikiliza, mimi na wewe tutazeeka pamoja."

Akamfundisha taratibu, jambo moja moja, mpaka akayashika. Ugali usizidi ngumi yake mwenyewe. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Chai bila sukari. Atembee kila siku, asiende peku hata uani, na kila jioni azitazame nyayo zake kwa kioo, maana mguu wenye sukari huumia bila kumwambia mwenyewe. Na kulikuwa na kidonge kidogo cha kumeza kabla ya chakula: akishakimeza, ale hapo hapo, asimsubiri mtu.

Kwa nini hakusema? Aliwahi kuona yaliyompata Stefano, fundi baiskeli wa njia panda. Siku Stefano alipotangaza kwamba ana sukari, watu walimpa pole, kisha wakaanza kumtazama miguu. Kila akipita, macho chini, kuhakikisha kwamba bado ipo miwili. Vijana wakasema sasa mke wa Stefano hana mume, ana dada. Mustapha mwenyewe alicheka siku ile, na alicheka sana. Tena, tusimfiche, hakuwa amekata tamaa ya kuoa. Kulikuwa na mjane mmoja upande wa Sindeni ambaye salamu zake zilikuwa zikimchelewesha sana njiani. Basi akaamua kwamba sukari yake itabaki kati yake, Mungu na nesi Dorkasi.

Wiki mbili za mwanzo alijaribu kuificha palepale kwenye sinia. Haikuwezekana. Sinia halina mpaka. Utajuaje ngumi yako imeishia wapi na ya Muhsin imeanzia wapi? Akipunguza mkono, Sabiri alimsogezea kipande cha samaki upande wake na kusema, "Kula kaka, unakonda." Chai ilikuja imeshatiwa sukari kwenye birika. Na saa za sinia ni za sinia: siku Athuman alipochelewa kwa wanunuzi wa mahindi, walimngoja mpaka saa tisa na nusu, kwa sababu hakuna anayeanza mwenzake hajafika. Mustapha alikuwa amemeza kidonge saa nane. Jasho jembamba likamtoka, mikono ikatetemeka, baraza zima likaanza kuzunguka. Akachomoka kama aendaye haja, akafika kwake na kunywa maji ya sukari akikishika kikombe kwa mikono miwili. Siku hiyo aliogopa. Aliona wazi kwamba angeweza kufa katikati ya rafiki zake na wao wakadhani anasinzia.

Jumatatu iliyofuata ndipo aliposema ameshiba. Jumanne akasema ana udhuru. Jumatano hakutokea.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu, na nakisema mapema asije akahukumiwa kwa kingine: alitaka kukaa na watu wale bila kufa. Njia ya kuyapata yote mawili ilikuwepo, fupi na nyeupe, na ilianza na kufungua mdomo. Lakini Mustapha alikuwa mtu wa kufungua mdomo kwa mambo yote isipokuwa yake mwenyewe.

Siku ya tisa Sabiri alikuja. Alimkuta Mustapha uani akifunga kamba za ghala. Akageuza kinu cha marehemu Tatu, akakikalia.

"Kaka Mustapha."

"Naam."

"Nimekuja kukuuliza. Shida amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Chakula chake kimekudhuru?"

"Hapana, ndugu yangu. Wallahi."

"Basi ni mimi."

Mustapha akaitazama kamba. Neno lilikuwa palepale kooni, fupi, la pumzi moja. Sabiri akangoja. Aliendelea kungoja hata baada ya kamba kwisha kufungwa, bila hasira, amekaa tu na mikono yake magotini. Lakini Mustapha alikuwa anayaona macho ya kijiji kizima kwenye miguu yake.

"Nashiba mapema siku hizi," akasema. "Ni uzee."

Sabiri akasimama, akajipangusa. "Haya," akasema. "Uzee."

Tangu hapo walisalimiana msikitini kama watu waliokutana kituo cha mabasi.

Maneno nayo yakapata miguu. Shida alikuwa mtu wa Mazinde, kule karibu na Mombo, na ingawa aliishi Kwamzala miaka ishirini na mmoja, bado aliitwa wa kuja. Alikuwa mpishi. Si mpishi wa kusema tu. Harusi, hitima, maulidi, mtu hakuanza kukodi maturubai kabla hajajua kama Shida ana nafasi. Sasa ikasemwa kwamba mzee Mustapha ameona kitu. Kitu gani, hakuna aliyejua. Nani alianza kusema, hakuna aliyekubali. Mustapha aliyasikia dukani, kutoka kwa wanawake wawili walionyamaza alipoingia, wakanyamaza wakiwa wamechelewa kidogo. Akaumia. Akajiambia yatapita. Ni rahisi kusema yatapita mtu akiwa si yeye yanayempitia.

Akaanza kula peke yake. Saa nane kamili simu ililia, akameza kidonge, akapima ugali kwa ngumi, akapakua mchicha mpaka ukajaa nusu ya sahani, akala akiutazama ukuta. Ilimchukua dakika sita. Barazani kula kulichukua saa moja na nusu. Ile saa moja na dakika themanini na kitu... hapana, hebu tuhesabu vizuri kama yeye alivyohesabu: zilibaki dakika themanini na nne kila siku, na hakujua pa kuzipeleka. Akatembea, maana aliambiwa atembee. Alipita njia ya nyuma ya mashamba asilione baraza la Sabiri, lakini miezi ya mwanzo upepo ulimletea vicheko vyao hukohuko. Kisha hata vicheko vikakoma, akadhani upepo umegeuka.

Mwili ulikuwa unapona hali yeye mwenyewe anachakaa. Kiu iliondoka, macho yakatulia, akaacha kuamka usiku. Mwezi wa tano tangu aanze dawa, kipimo kilisoma sita nukta nane. Dorkasi alipiga makofi, akawaita wenzake waje kumwona baba wa Segera. Njia nzima ya kurudi Mustapha alikuwa na furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Kumwambia Shamimu kwenye simu kungeanzia mbali, kwanza aseme kwamba anaumwa. Akafika nyumbani, akamkuta jogoo mlangoni.

"Sita nukta nane," akamwambia.

Jogoo akaendelea kuchakura. Mustapha akakaa kizingitini, akalia. Aliona haya, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, lakini alilia.

Miezi ikapita. Ulipotimia mwaka na mwezi mmoja, siku moja baada ya adhuhuri, akapiga moyo konde: leo namwambia Sabiri, na wacheke wanaotaka kucheka. Akavaa kanzu safi, akaenda. Barazani hapakuwa na mkeka. Athuman alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sabiri yuko wapi?"

"Hayupo. Alichomwa na mwiba mguuni, ukavimba, akaenda kwa ndugu zake Mnyuzi kutafuta matibabu. Wiki ya pili sasa. Shida amemfuata."

"Na sinia mnaliwekea wapi siku hizi?"

Athuman akainua macho kwa mara ya kwanza. "Sinia gani, mzee? Sinia tuliliacha kitambo. Baada yako Muhsin naye akaanza kushiba. Nikabaki mimi na Sabiri, na mke wangu akaniambia, wenzako wawili wamekimbia, wewe unabaki kuona nini? Kila mtu anakula kwake."

Akarudi kwenye mpini wake. Hakumkaribisha kukaa. Mustapha alisimama pale na kanzu yake safi kama mtu aliyekosea siku ya harusi, halafu akaondoka.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku yake ya kliniki. Kipimo kilikuwa kizuri. Dorkasi akafunga daftari, akainama kidogo.

"Baba, nakuomba msaada. Wodini kuna mzee wa Mnyuzi. Mguu umeoza kuanzia kidole, daktari anasema ukatwe chini ya goti kabla haujapanda, naye anakataa. Nimemwomba akubali kuongea na mtu anayeishi vizuri na sukari. Amekubali kwa sharti moja, asiwe mtu wa Kwamzala. Mimi hata sijui Kwamzala ni wapi. Nikamwambia ninaye wa Segera."

Mtu wa Mnyuzi ana ugomvi gani na Kwamzala? Angeweza kusema ana haraka, gari litamwacha. Miguu yake, ile miguu aliyoitazama kwa kioo kila jioni, ilikuwa imeshaanza kumfuata nesi.

Kitanda kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha. Sabiri alikuwa amelala chali, shuka imeinuliwa mguuni isiguse kidonda. Alimwona Mustapha, akafumba macho. Dorkasi akawaacha.

"Wa Segera," Sabiri akasema bila kufumbua.

"Wa Mnyuzi," Mustapha akajibu, akavuta kiti.

Kidogo wacheke. Walikaribia, kisha wote wawili wakashindwa kucheka.

"Tangu lini?" Mustapha akauliza.

"Miaka tisa."

"Sabiri!"

"Miaka tisa, kaka. Dawa naziweka kwenye kopo la misumari. Nikipata nafasi namezea stoo, nisipopata wiki inapita. Kwenye sinia nilikula kama ninyi. Ningefanyaje? Ningeacha sinia?" Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli.

"Basi ulijua yangu."

"Siku ileile. Ulianza kutazama saa kabla ya kutazama chakula. Mtu gani mwingine anafanya hivyo?"

"Ukaja kwangu kuniuliza Shida amenikosea nini."

Sabiri akafumbua macho. "Ningeulizaje? Nilikuja uniambie. Ungeniambia yako, na mimi ningekuambia yangu hapohapo, tungekuwa wawili. Nilikaa juu ya kile kinu nangoja, nasema moyoni, sema kaka, sema. Ukaniambia uzee."

Mwaka mzima Mustapha alikuwa amejihurumia kwa kuwa peke yake, na kumbe siku ya tisa tu mwenzake alikuja mpaka uani kwake kumtafuta, naye akamrudisha mikono mitupu.

"Na walipoanza kumsema mkeo?" akauliza mwishowe.

"Ningesema najua ni sukari, wangeniuliza nimejuaje. Shida nimempita miaka kumi na minne, kaka. Niliogopa ataondoka." Akageuza uso dirishani. "Na wewe ulinyamaza."

"Na mimi nilinyamaza."

Shida akaingia. Alikuwa amefikia kwa shangazi yake mjini Korogwe, na kila mchana alileta chakula alichopika mwenyewe. Hotpoti mkono mmoja, chupa ya chai mkono wa pili. Alikuwa amepungua. Alipomwona Mustapha alisimama, kisha adabu ikamwahi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Shida."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa mwaka na mwezi. Hakumwambia karibu chakula. Kwa nini amwambie? Akamimina chai ya mumewe, na mvuke wake ulikuwa mtamu hata kabla ya kuonjwa.

Mustapha akasimama. "Shida, mimi nina kisukari. Tangu mwaka jana. Ndiyo sababu niliacha sinia, hakuna nyingine. Chakula chako hakijawahi kunidhuru hata siku moja."

Mkono wa Shida ulibaki hewani na kikombe. "Mwaka jana lini?"

"Mwezi wa nne."

Akahesabu kimya, midomo ikicheza. "Tangu mwezi wa nne mwaka jana sijaitwa kupika hata shughuli moja," akasema. "Harusi saba zimepita. Ya mtoto wa wifi yangu nilikaa mkekani kama mgeni, na masufuria waliyopikia yalikuwa yangu. Waliyaazima, shemeji. Masufuria hawakuyaogopa." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kwa Mustapha kama angeipandisha.

"Na mimi," Sabiri akasema kitandani.

"Na wewe nini?"

"Ninayo. Miaka tisa. Huu mguu si mwiba, Shida. Mwiba ulianza tu."

Shida akamtazama mumewe kwa muda, kisha akakitazama kikombe alichokishika.

"Vijiko vitatu," akasema. "Kila asubuhi na kila alasiri nakutilia vijiko vitatu. Ukisema haijakolea, naongeza. Miaka tisa." Akainama, akaimwaga chai yote kwenye beseni chini ya kitanda, taratibu, hadi tone la mwisho. "Wamesema nawatilia watu sumu. Nimelia mwaka mzima. Kumbe kweli."

"Usiseme hivyo," Sabiri akasema.

Mustapha akanyoosha mkono kwenye hotpoti. Hakujua afanye nini kingine. "Nipe tonge, shemeji. Nile cha mkono wako."

Shida akakifunika chakula. "Hapa nani anakuona?" akasema.

Alhamisi Sabiri alikubali, mguu ukakatwa. Ijumaa, watu wa Kwamzala walipokuwa wanavaa viatu nje ya msikiti, Mustapha alipanda ngazi na kusema yote, yake na, kwa ruhusa ya mwenyewe, ya Sabiri. Alitaja jina la Shida mara tatu. Athuman akapiga kofi paja lake na kuangua kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe sukari tu!" akasema. "Mzee, si ungesema!"

Wengine wakacheka naye. Wakamshika mabega, wakampa pole, na wachache, kama alivyojua, wakamtazama miguu. Haikumuuma. Alishangaa ni kitu kidogo namna gani alichokuwa anakikimbia.

Sabiri alirudi baada ya mwezi, na magongo. Mustapha hakungoja kualikwa. Siku ya kwanza saa nane kamili alikuwa barazani, akakaa mkekani kando ya rafiki yake, na mioyo yao ikatulia kama zamani. Shida akatoka ndani na sahani mbili, ugali wa ngumi moja kila sahani, nusu mboga, kama Dorkasi alivyomfundisha. Ya Sabiri akaiweka mkekani, ya Mustapha akabaki nayo mkononi. Akachuchumaa mbele ya Mustapha, akamega ugali kutoka kwenye sahani ya mgeni, akachovya, akatia kinywani. Akatafuna akimtazama usoni. Akameza. Akachukua mboga kidogo, akala. Akanywa funda la maji kutoka kwenye kikombe cha Mustapha, kama afanyavyo mpishi anayeshukiwa sumu, kisha akangoja kidogo, aonekane mzima.

"Shida, hakuna haja," Mustapha akasema.

Shida akaweka sahani mkekani, akaingia ndani. Sabiri alikuwa anakitazama kisigino chake kimoja.

Kesho yake akafanya vilevile. Na keshokutwa. Wenye harusi wameanza tena kuja kumwita, wanakuja na maneno matamu na kitenge kipya, naye huwajibu kwamba ana mgonjwa. Mahindi yamevunwa, mengine yamepandwa, na kila mchana saa nane Shida hutoka na sahani mbili, huchuchumaa, huonja chakula cha Mustapha mbele ya macho yake, hadi ameze. Mustapha amekoma kusema hakuna haja. Hungoja amalize, wananawa, wanakula.